Majani Yako Usiyachome, Mama Nasra

Kinyerezi, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Nasra,

Asalaam aleikum. Habari za kuhama? Nimefurahi mno kusikia mmeshaingia nyumba yenu ya Kigamboni, hata kama madirisha ya nyuma bado yamezibwa mabati. Mkishakuwa ndani, yaliyobaki yatamalizika polepole. Hapa kwetu wote wazima, mama mkwe yupo na anakusalimu sana.

Uliniuliza kwenye simu siku hizi tunatumia nini badala ya madawa ya dukani, ya ndani na ya uwanjani, nikakuahidi kukuandikia vizuri. Najua ulikuwa unategemea mitishamba. Ipo, nitaifikia. Lakini ningekuwa naanza kwenye kiwanja kipya kama chako, kitu cha kwanza ambacho ningekishikilia ni majani. Yanayodondoka uwanjani yasichomwe, na yasitoke nje ya geti.

Unajua tulivyolelewa sote. Alfajiri ufagio wa chelewa, uwanja unabaki mweupe, rundo linasogezwa kwenye kona na kutiwa kiberiti. Hapa tuna mwembe mkubwa na mipera, kwa hiyo moto ulikuwa wa kila siku. Mtoto wetu wa kati ana pumu. Siku moja hospitali daktari akauliza kama nyumbani kuna moshi. Kabla sijafungua mdomo mama mkwe akajibu: "Upo, wa uwanjani, kila asubuhi." Tangu hapo hatujachoma tena majani, na kile kikohozi cha alfajiri kimepungua sana. Sisemi pumu imepona, dawa yake ya kuvuta anayo na anaendelea nayo. Ila analala, na sisi tunalala.

Moshi ni hasara moja. Nyingine huioni haraka: ufagio hauchukui majani peke yake, unakwenda na ule udongo wa juu wenye rutuba. Angalia mwembe kwenye nyumba yoyote ya zamani hapa mjini, mizizi iko nje. Mti haukuinuka, udongo ndio ulioshuka. Masika yakifika, ardhi iliyo uchi na iliyoshindiliwa kwa miguu hainywi maji, yanateleza kwenda kwa jirani. Ya huku kwetu yanaishia mto Msimbazi, ule unaoanzia vilima vya Pugu, na Jangwani unapajua panavyofurika mvua kubwa ikinyesha. Ndiyo maana Baba Idrisa alipotaka kupanga vitofali uwanja mzima nilikataa katakata. Tukakubaliana: vitofali pale gari linapolala na njia ya mlangoni, kwingine kote udongo ubaki udongo. Fundi wako akikuambia uwanja wa kisasa lazima uwe zege, mwambie asubiri kwanza masika yapite.

Mama mkwe naye alikuwa na hoja, na hoja yake ni ya kweli: majani yaliyorundikana yanaficha nyoka, tandu na nge. Kwa hiyo kuzunguka nyumba, njia ya choo cha nje na pale watoto wanapochezea tunafagia kama kawaida. Yanayofagiliwa yanakwenda chini ya miti kuwa matandazo, mengine yanaingia kwenye boma la mboji, yaani mbolea ya majani na taka zilizooza. Huko hakuna kwenda peku, na kufukua ni kwa reki, si kwa mkono.

Boma lenyewe ni mabanzi tu, mraba wa kama mita moja kila upande, urefu wa kiunoni, limekaa kivulini nyuma ya banda la kuku. Chini kabisa tuliweka vijiti ili hewa ipite. Halafu majani makavu mengi, juu yake taka za jikoni: maganda ya ndizi na viazi, mabua ya mchicha, majani ya chai, maganda ya mayai, na mavi ya kuku banda likisafishwa. Kadiria makavu mara tatu ya mabichi. Kila ukimwaga ndoo ya jikoni ifunike kwa makavu, nzi hawatakaa. Majani ya mwembe ni magumu, yakatekate kwa panga la sivyo utayasubiri sana. Nyama, samaki na mafuta usitie, utaita panya. Unyevu unaupima kwa kiganja: chukua konzi moja pale juu, iminye. Likitoka tone moja au mawili iko sawa. Maji yakichuruzika ongeza makavu, ikiwa vumbi inyunyizie maji. Ikinuka ujue imekosa hewa, ipindue.

Kitu kinachowafurahisha watoto ni kipande cha nondo kilichobaki kwenye ujenzi. Unakichomeka katikati ya rundo, kinakaa kidogo, ukikichomoa unakikuta cha moto. Joto hilo linatoka kwa vijidudu vinavyokula yale majani, na likipanda vizuri linaua hata mbegu za magugu. Rundo likipoa kabla halijaoza, nondo ndiyo inatuambia ni wakati wa kupindua. Ukiwa na bidii, miezi mitatu hivi unapata kitu cheusi, chepesi, kinachonukia udongo uliopata mvua. Na faida nyingine: sehemu kubwa ya taka za jiji hili ni za jikoni, zinasafirishwa mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi zikaoze kule zikinuka. Siku hizi gari la taka likipita, kiroba chetu nakibeba kwa mkono mmoja.

Kwako huko ni mchanga mtupu, maji unayomwagilia asubuhi mchana hayapo. Mboji ndiyo itakayoyashika. Usiitandaze uwanja mzima, huwezi kuwa nayo ya kutosha. Chimba shimo la kila mche, changanya humo. Na kwa kuwa una minazi, makumbi usiyatupe. Yapange kuzunguka shina la mpapai au mgomba, upande wa ndani ukiangalia chini ili yasituamishe maji. Utaona tofauti kiangazi. Maji ya kuogea pia yapeleke kwenye migomba, mradi ni ya sabuni ya kawaida. Ya kufulia yenye sabuni nyingi ya unga yaache, yana chumvi zinazoharibu udongo, na maji ya visima vya huko nasikia kwa wengi tayari yana chumvi yake.

Sasa mbu, maana hapo ndipo watu wanapodanganyana. Kupanda mchaichai dirishani hakufukuzi mbu. Mafuta yake ukiyasugua mwilini yanasaidia kwa muda mfupi, lakini mmea uliosimama tu hauwafanyi kitu. Kuchoma majani ya mwarobaini jioni nako ni kurudisha moshi uleule tuliouacha. Kinachofanya kazi ni kuwanyima maji. Homa ya dengue ilitusumbua Dar mwaka 2014, ikarudi 2019, na mbu wake anauma mchana na anazaliana kwenye maji masafi yaliyotulia: kopo, tairi, kisahani cha ua, kifuu cha nazi, ndoo ya akiba. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja hivi, kwa hiyo kila Jumamosi watoto wanazunguka uwanja wakimwaga. Na kumwaga hakutoshi. Mayai yanagandamana kwenye ukuta wa chombo na yanaweza kukaa makavu miezi, maji yakirudi yanaanguliwa. Lazima usugue. Wewe mwenye minazi, vifuu ndiyo kazi yako kubwa, vigeuze au vitie jikoni. Tangi lifunge wavu kwenye mdomo. Chandarua hakiguswi, kile ni cha mbu wa malaria anayekuja usiku.

Mwarobaini tunautumia bustanini, na hapo nausifu kwa moyo wote. Matembele na bamia zilikuwa zimejaa vidukari. Unaokota mbegu, unazikausha kivulini, unazitwanga kwenye kinu ambacho hakitumiki kwa chakula, unaloweka usiku kucha, unachuja kwa kitambaa. Ongeza sabuni ya mche kidogo iliyoyeyushwa ili dawa ishike kwenye jani. Pulizia jioni, kwa sababu jua linaivunja nguvu, na chini ya majani ndiko wadudu waliko. Majani ya mwarobaini nayo yanafaa, ila mbegu zina nguvu zaidi. Usitegemee wadudu wadondoke palepale. Wanaacha kula na hawakui, ndani ya siku kadhaa ndiyo unaona. Rudia kila wiki, na mboga zioshe vizuri kabla ya kupika. Nakuomba tu, zile dawa za shamba zinazouzwa zimepimwa kwenye chupa ya soda, hazina lebo, usiziingize nyumbani kwako. Mtoto akiona chupa ya soda anajua ni soda.

Ndani hakuna maneno mengi. Masizi ya sufuria tunasugua kwa jivu na dodoki, limeota kwenye uzio wenyewe. Mafuta kwenye jiko na vigae ni magadi na maji moto. Yale magamba meupe ya maji ya kisima, kwenye birika na bomba la kuogea, yanatoka kwa ndimu au siki. Usichanganye magadi na siki kwenye ndoo moja, povu linapendeza lakini kila kimoja kimeua nguvu ya mwenzake. Na siki au dawa ya choo yenye asidi usiikutanishe kabisa na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, hewa inayotoka hapo ni sumu, choo kidogo kisicho na dirisha kinaweza kukuangusha.

Klorini yenyewe sijaitupa. Mtu akiharisha ndani ya nyumba, ndimu na siki haziaminiki kwa kazi hiyo, natoa klorini na kusafisha nayo. Siku za kawaida haitoki kabatini, kwa ajili ya mapafu yetu na kwa ajili ya shimo la maji taka pia, kwa sababu ukiimwaga nyingi kila siku inaua vijidudu vinavyooza uchafu mle chini, shimo linajaa haraka, na gari la kunyonya unajua bei yake.

Kwa jinsi ninavyokujua utataka kufanya yote wiki hii. Mimi ningekuambia weka boma kwanza, kabla mvua za vuli hazijaanza, halafu zungukia vifuu. Mengine utayaongeza kadiri uwanja wenyewe unavyokuonyesha. Niandikie jirani zako wanachoma wapi na upepo unavuma kuelekea wapi, maana huko pwani upepo unabadilika na boma usiliweke upande utakaokuletea harufu jikoni ukichelewa kupindua.

Mdogo wangu anavuka Jumamosi na kivuko cha asubuhi. Nimempa kiroba cha mboji, tayari imechujwa, na mbegu za dodoki kwenye karatasi. Dodoki zipande kando ya uzio wa senyenge, ziache zikaukie mtini mpaka ganda liwe la kahawia, ndipo uzimenye na kukung'uta mbegu. Kiroba chenyewe nirudishie, nakihitaji.

Nisalimie Baba Nasra na watoto wote. Mama mkwe anasema umwambie Nasra asizoee kukimbia peku kwenye makumbi.

Rafiki yako,
Mama Idrisa