Barua kwa mwanangu anayehamia Utete

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Habari ya kupangiwa kazi Utete, kule kwetu Rufiji, nimeipokea kwa furaha, ingawa kaka yako anacheka kwamba sisi tulihangaika kuja mjini na wewe unarudishwa porini. Mwache aseme. Nakuandikia kwa sababu kule wazee watakuuliza "wewe wa kwa nani?", na wewe mtoto wa Mbagala, Rufiji unaijua kwa maembe na pelege tu.

Shuleni mlisoma habari za Wajerumani na vita vya Maji Maji. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliwagawia watu maji ya dawa ili risasi zisiwadhuru, akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Kisha ile manowari yao Königsberg, iliyojificha kwenye mikoko ya delta, pale mto Rufiji unapoingia baharini, mpaka Waingereza wakaimaliza Julai 1915. Hata korongo lenye Bwawa la Nyerere leo lilipewa jina la Mjerumani Stiegler, aliyeuawa huko na tembo mwaka 1907. Waliopita hapo kabla yake, vizazi na vizazi, hakuna aliyeandikwa popote.

Mimi nakwambia waanzilishi wa bonde lile ni wakulima. Bibi yako alikulia kwenye dungu, na usidhani nasema kibanda cha kuamia ndege. Ni nyumba. Nguzo zake zinamzidi kimo mtu mzima, juu kuna sakafu ya fito iliyokandikwa udongo ili moto wa jikoni usiiunguze, na ngazi ya kupandia. Maji yakijaa, mtumbwi unafungwa nguzoni, watu wanapika na kulala juu huku mto unapita chini yao. Shamba nalo linalindwa lisiliwe na nguruwe na viboko kutokea huko huko juu.

Mpunga ulipandwa mvua za kwanza zikianza, ili mafuriko ya masika yaukute umeshasimama. Ukishasimama, unarefuka pamoja na maji. Yakija mapema yanauzamisha ungali mchanga. Yasipokuja kabisa, njaa. Yakirudi mtoni yanaacha tope zito, na humo watu wanapanda mahindi, kunde na maboga bila kungoja mvua. Hicho ndicho kilimo cha mlau. Waliokiita cha kubahatisha hawakukaa hata msimu mmoja kukitazama.

Mafuriko ya 1968 yalikuwa makubwa mno. Serikali ikawahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, wengi kwenye miinuko ya kaskazini ya mto. Shule na zahanati zikasogea, hilo silibezi. Lakini mashamba yalibaki bondeni. Bibi yako alikuwa akitoka alfajiri na jembe begani, anafika jua limepanda na nguruwe wameshakula. Kwa hiyo msimu ukifika wengi walirudi madunguni, amri au si amri. Na vijana wengine, baba yako akiwemo, wakashika njia ya Dar.

Miji nayo inafuata hesabu za maji. Mohoro, uliokuwa makao ya Mjerumani, uko chini karibu na delta. Utete umekaa kwenye ukingo wa kusini ulioinuka, na ndiko yaliko makao ya wilaya. Ikwiriri na Kibiti zimekuzwa na barabara. Zamani basi la kusini lilikuwa linangoja pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea safari ndiyo imekufa. Daraja la Mkapa, karibu kilomita moja, lilifunguliwa 2003. Wewe utavuka ukiwa unachezea simu. Chungulia dirishani basi, halafu ukifika Nyamwage ndipo mnakata kuelekea Utete.

Bwawa la Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, la megawati 2,115, na umeme tunautaka, hapa Mbagala tunajua giza lilivyo. Lakini mto ule ulikuwa unawalisha watu kwa kupanda na kushuka kwake, na sasa kuna mwenye funguo za kuyafungia na kuyafungulia maji. Waulize wakulima wa huko mlau unaendaje, uniandikie. Habari ya mdomoni mwao naiamini kuliko ya redioni.

La mwisho ni la chumba. Usilipe kodi kabla hujamuuliza mwenye nyumba mafuriko ya Aprili 2024 yalifika wapi. Akijibu kwa mafumbo, waulize majirani.

Mama yako