Shoga, usimkatae huyo mama mkwe bado

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, ni mvua tu haitupi nafasi ya kuanika. Bi Mkubwa mguu unaendeleaje? Nisikucheleweshe kwa salamu. Mama Zuhura kaniambia umekataa kuigiza mama mkwe kwenye tamthilia mpya, na kwamba hii ya sasa ikiisha unaacha sanaa kabisa. Usingizi umenipaa.

Kabla hujatoa jibu la mwisho, mjue mzee mmoja, mwigizaji wa Marekani, Michael Constantine. Amezaliwa 1927 huko Reading, Pennsylvania, wazazi wahamiaji wa Kigiriki, baba akifanya kazi ya chuma. Sura yake haikuwa ya wale vijana wanaomwoa binti mwishoni mwa filamu. New York alikuwa mwigizaji wa akiba wa nyota Paul Muni, yaani unakariri maneno ya mwenzio yote na huenda usipande jukwaani! Miaka ya 60 ukiwasha televisheni ya Marekani ungemwona kwenye Perry Mason, Gunsmoke, The Fugitive, leo mhalifu, kesho shahidi, wiki ijayo hayupo.

Halafu 1969 wakampa sehemu ya mkuu wa shule, Seymour Kaufman, kwenye tamthilia ya televisheni Room 222. Shujaa wa hadithi alikuwa mwalimu, si yeye. Kwenye karatasi mkuu wa shule ni mtu wa kufungua mlango wa ofisi na kukaripia. Yeye alimfanya mchovu, mwenye maneno makavu na huruma tele, na 1970 akabeba Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, ya mwigizaji msaidizi. Msaidizi, shoga! Wakampa tamthilia yake mwenyewe, hakimu wa Sirota's Court, ikaanza mwishoni mwa 1976, mwaka uliofuata ikafungwa. Akarudi kwenye sehemu ndogondogo bila kususa.

Yule mama mkwe wako nani kamwandika? Maana nakuona unavyoweza kumfanya… basi, ngoja nimalize.

2002, akikaribia miaka 75, akamwigiza Gus Portokalos kwenye My Big Fat Greek Wedding. Baba mbishi tu, anayempulizia kila mgonjwa dawa ya kusafishia vioo. Filamu iligharimu kama dola milioni 5, ikaingiza zaidi ya milioni 360 duniani. Mimi nilicheka mpaka pale anapowazawadia maharusi nyumba, jirani na yake, nikamwona baba yangu kabisa pale, nikaanza kulia. Hiyo sehemu angepewa kijana mwenye jina kubwa angeiweza? Alifariki 2021, nyumbani Reading, ana miaka 94.

Najua pesa ni ndogo na wanachelewa kulipa, hilo sikubishii. Lakini yule mama muuza samaki uliyemwigiza mwaka juzi, mtaani kwetu bado wanamtaja kwa jina. Jina la binti aliyekuwa nyota sisikii mtu akilitaja.

Umeshawajibu au bado? Kaka Mussa anasemaje? Huyo mama mkwe ana maonyesho mangapi, na ana wakati wowote yuko peke yake? Unaweza kunitumia maneno yake niyasome? Na kwa nini hukuniambia mwenyewe, nikasikia kwa Mama Zuhura?

Nijibu upesi, tafadhali.

Shoga yako,
Mwana