Barua kwa rafiki kuhusu wakati ujao wa Kihispania

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, nami nimeona kuwa umeanza kuandaa majedwali matatu ya wakati ujao, moja la vitenzi vinavyoishia kwa -ar, jingine la -er na jingine la -ir, kama ulivyofanya kwa wakati uliopo. Nakusihi uyaweke kando, kwa maana hapa kitenzi hakikatwi chochote: unakichukua kizima kama kilivyo katika kamusi, kisha unakiongezea -é, -ás, -á, -emos, -éis au -án kulingana na nafsi. Hivyo “nitazungumza” ni hablaré, “utakula” ni comerás na “wataishi” ni vivirán.

Miishio hiyo ina asili yake. Wasemaji wa Kilatini cha mitaani walisema cantare habeo, yaani “nina la kuimba”, na kadiri karne zilivyopita maneno hayo mawili yakashikana yakawa cantaré. Ukiziweka he, has, ha, hemos na han za kitenzi haber, mrithi wa habeo hiyo, kando ya miishio yetu, utauona undugu wao mara moja. Habéis pekee ndiyo iliyodondosha sehemu yake ya mwanzo, hab-. Katika Kihispania cha zamani kiungo hicho kilikuwa bado kinaachia, hata watu wakaweza kuandika dar te he, pale ambapo leo huandikwa te daré, “nitakupa”.

Kinachohitaji uangalifu wako wote ni mkazo. Sisi tuliozoea kuutia kwenye silabi ya pili kutoka mwisho huelekea kuisoma hablará kana kwamba ni hablara, na hilo ni neno jingine kabisa, linalotumika kwa jambo la kudhania tu, kama katika si hablara, “kama angezungumza”. Kwa hiyo usiidharau alama ile ndogo juu ya irabu, na unapojizoeza kwa sauti, ipandishe silabi ya mwisho bila haya. Ni -emos tu isiyobeba alama, kwa kuwa hablaremos mkazo wake huangukia palepale tulipouzoea.

Tener (“kuwa na”), hacer (“kufanya”) na decir (“kusema”) hubadili shina, zikawa tendré, haré na diré, lakini miishio ni ileile, basi zisikutishe.

Utasikia pia kwamba katika mazungumzo wengi hupendelea voy a hablar, yaani “naenda kuzungumza”. Ni kweli, ila usiutupe wakati ujao kwa sababu hiyo, kwani ndio wanaoutumia hata kwa kukisia mambo ya sasa hivi: serán las tres maana yake ni “huenda ni saa tisa”, na ¿dónde estará? ni “sijui yuko wapi saa hizi”. Katika jibu lako niandikie sentensi chache za kukisia namna hii, nizisahihishe.

Wako akupendaye,
Rafiki yako