Tumwache Tshabalala, tuulize mikataba inasimamiwaje

Mhariri,

Nimesoma kurasa zenu za michezo kwa miaka mingi bila kuwaandikia hata mara moja. Kilichonitoa kimya ni habari yenu ya mashabiki wa Simba wanaobishana juu ya nahodha na beki wao wa kushoto, Mohamed Hussein "Tshabalala", kuondoka kwenda Yanga. Mmewapa nafasi wanaomwita msaliti, mkawapa nafasi wanaosema kila mtu na riziki yake, mkaishia hapo. Nusu ukurasa mzima, na hakuna mstari hata mmoja unaomweleza msomaji imewezekanaje nahodha avuke kutoka Msimbazi kwenda Jangwani bila ya klabu yake kulipwa ada ya uhamisho.

Mimi ni mwanachama wa Simba na jambo hili limeniuma. Tshabalala alikuja 2014 akitokea Kagera Sugar, akakaa misimu 11, akatwaa ubingwa wa ligi mara nne mfululizo kuanzia 2017/18 hadi 2020/21, na alikuwa nahodha wa kikosi kilichofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane, Mei 2025. Agosti 2 mwaka huohuo alifunga bao la pili Taifa Stars ilipoichapa Burkina Faso 2-0 katika mechi ya ufunguzi wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, pale Uwanja wa Mkapa, na wapo Wanamsimbazi walioona aibu kushangilia. Hapo ndipo tulipofika, mtu anashindwa kushangilia bao la nchi yake kwa sababu ya mfungaji.

Ukweli wenyewe ni mfupi. Mkataba wake ulikwisha mwishoni mwa msimu wa 2024/25. Mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha ni mchezaji huru, anakwenda anakotaka, na klabu aliyotoka haina cha kudai. Njia hiyo ilifunguliwa Ulaya na hukumu ya mahakama katika kesi ya mchezaji Bosman, Desemba 1995, na leo ndivyo ilivyo duniani. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinakwenda mbali zaidi: mkataba ukibakiza miezi sita au pungufu, mchezaji ana ruhusa ya kusaini na klabu nyingine. Klabu inayomtaka inatakiwa tu kuiarifu klabu yake kwa maandishi kabla ya kuanza kuzungumza naye. Kwa mkataba unaokwisha Juni 30, maana yake ni kwamba Januari 1 mlango unafunguka. Anayezungumza na klabu nyingine Februari hajasaliti mtu, anafuata kanuni ambayo klabu yake pia huitumia inapowinda wachezaji wa wengine.

Nasi tumeitumia sana. Gadiel Michael, beki wa kushoto vilevile, alitoka Yanga akaja kwetu 2019, na sikumbuki mtu wa upande wetu aliyemwita msaliti. Na kwa upande wa walioondoka kwetu, Kelvin Yondani alikwenda Jangwani 2012, Hassan Kessy akamfuata 2016. Clatous Chama alivuka 2024 baada ya mkataba wake kumalizika. Kila mara tunapiga kelele wiki mbili, tunachana jezi, tunatukana mama za watu mitandaoni, kisha tunasubiri mwingine aondoke.

Hasira yangu iko hapa. Kijiweni kwetu Temeke nimemsikia mtu mzima, mwenye kadi ya uanachama, akisema kwa uhakika kwamba klabu "imemuuza" na kwamba fedha zimeliwa. Haukupita muda mwingine akadai mchezaji "ametoroka na mkataba". Mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa wakati mmoja, na yote mawili si kweli, lakini watu walitikisa vichwa kukubali kwa sababu hakuna gazeti lililowahi kuwaeleza kazi ya mikataba inavyokwenda. Basi niieleze mimi. Mchezaji tegemeo huanza kuzungumzwa miezi 18 kabla ya mkataba wake kwisha. Kwanza benchi la ufundi linaandika kama linamtaka kwa misimu mingine miwili au mitatu. Daktari wa timu anaandika historia ya majeraha. Mhasibu anaweka ukomo wa mshahara na fedha ya usajili, kwa sababu mchezaji wa ndani anayesaini upya anategemea fedha ya mkupuo, hatazami mshahara wa mwezi peke yake. Miezi 12 kabla, ofa ya maandishi inakuwa mezani, yenye tarehe ya kujibiwa. Mchezaji akikataa, klabu bado ina madirisha mawili ya usajili ya kuchagua: imuuze ipate chochote, au imbakize ikijua ataondoka bure na ianze kumwandaa mrithi. Ofa hiyo ikisubiri hadi Machi, tena ikitolewa kwa mdomo na kiongozi mmoja kwenye simu, klabu haina tena silaha. Mchezaji ana karatasi ya mpinzani mkononi, wakala wake anajua Kariakoo nzima itaungua akivuka, na bei yake imepanda kwa sababu hiyo hiyo. Akiwa na miaka 28 au 29 anajua pia kwamba huu unaweza kuwa mkataba wake mkubwa wa mwisho. Kumtaka asubiri kwa mapenzi ya jezi ni kumtaka alipie yeye uzembe wa ofisi.

Ziko na njia za mkato ambazo viongozi wa klabu zetu huzitegemea na zinawaangusha. Kipengele cha kuongeza mwaka mmoja kwa uamuzi wa klabu peke yake, bila nyongeza ya maana kwa mchezaji, hutiliwa shaka sana shauri linapofika FIFA. Kuandika kwamba mkataba utakuwa halali baada ya vipimo vya afya hakuruhusiwi. Vipimo vifanywe kabla ya kusaini. Mkataba hauwezi kuzidi miaka mitano, na kwa mwenye umri chini ya miaka 18 ni mitatu. Na kosa linaloziumiza klabu zetu kuliko yote ni mishahara: klabu ikishindwa kinyume cha sheria kulipa mishahara ya miezi miwili, mchezaji akaiandikia barua na kuipa angalau siku 15 kulipa deni lote, siku hizo zikipita bila malipo ana sababu halali ya kuvunja mkataba, hata kama umebakiza miaka mitatu.

Wanaodhani haya ni ya kwetu tu watazame Liverpool. Trent Alexander-Arnold, mtoto wa palepale, aliachwa mpaka mkataba wake ukakaribia kwisha Juni 30, 2025, na alipotangaza kuondoka mashabiki wakamzomea Anfield kwenye mechi na Arsenal. Tofauti ni kwamba Real Madrid walimtaka kabla ya Kombe la Dunia la Klabu lililoanza katikati ya Juni, kwa hiyo Liverpool waliuza zile wiki chache zilizobaki wakapata kitu. Hata wiki zina bei, ofisi ikiwa macho.

Uwanjani pia mjadala umekuwa mwepesi mno. Mnaandika "pengo litazibwa" kana kwamba beki wa kushoto anaokotwa njiani. Wenye mguu wa kushoto wa asili ni wachache. Beki wa kulia ukimhamishia kushoto, kila akipanda hulazimika kukata ndani kutafuta mguu wake, winga anakosa njia, na krosi inachelewa sekunde moja ambayo inawatosha mabeki kujipanga. Kuna kujua lini apande na lini abaki, kuna kuelewana na beki wa kati wa upande wake nani afuate mpira na nani alinde nyuma. Hayo hujengwa kwa misimu. Kisha kuna hesabu ya nafasi. Ligi yetu inaruhusu klabu kusajili wageni 12. Ukimpoteza mzawa wa kiwango hicho ukamleta mgeni, umetumia nafasi moja kati ya hizo 12 kwa kitu ulichokuwa nacho bila kuigusa orodha, na nafasi hiyo ungeweza kumpa mshambuliaji.

Na nikiwa hapohapo, Mhariri, lipo jambo ambalo hamligusi kabisa. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi akiwa ndani ya mkataba, kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada kwa klabu zilizomlea tangu mwaka wa miaka 12 hadi wa 23: asilimia 0.25 kwa kila mwaka kati ya 12 na 15, na 0.5 kwa kila mwaka kati ya 16 na 23. Ada ikiwa shilingi milioni 500, klabu ya mtaani iliyomlea miaka minne ya mwanzo inastahili milioni 5. Kwa timu inayonunua mipira minne kwa mwaka, hiyo ni fedha ya kuendesha misimu. Lakini haiipati kama haikumsajili mtoto rasmi kwa TFF, shirikisho letu la soka, na jina lake kuonekana kwenye historia yake ya usajili. Kumbukumbu za daftari la kocha hazitoshi. Na mchezaji akiondoka huru, asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Kila mkataba unaoachwa ukaisha ofisini Dar es Salaam unaweza kuwanyima chakula waliomfundisha mtoto kupiga danadana huko Bukoba, Kigoma au Mbagala. Hili lingestahili nusu ukurasa kuliko picha ya jezi iliyochomwa.

Ninachoomba ni hiki. Kila Desemba 1, mwezi mzima kabla ya mlango wa Januari kufunguka, chapisheni jedwali la klabu zote 16 za Ligi Kuu: jina la mchezaji, nafasi yake, na mwezi mkataba wake unapokwisha, kwa wale tu ambao mwisho wao ni Juni inayofuata. Mishahara achaneni nayo, ni siri ya watu. Klabu itakayokataa kutoa tarehe, andikeni "imekataa" mbele ya jina lake. Nasi wanachama, kwenye mkutano mkuu, tudai safu mbili za ziada: ofa ya maandishi imetolewa tarehe gani, na kiongozi gani ana jukumu la kuifuatilia. Tukishakuwa na jina la kiongozi, tutajua swali tumpelekee nani, na mchezaji atavuka barabara ya Msimbazi bila kutukaniwa wazazi wake.

Jedwali la kwanza lianze na manahodha.

Mwanachama wa Simba,
Temeke, Dar es Salaam