Droni ya dizeli au ya petroli? Soma herufi kabla ya kutazama sura

Mtu anayenunua droni, yaani basi dogo la Toyota HiAce, kwa mara ya kwanza huanza na rangi, taa na siti. Fundi huanza na herufi. Kwenye kibati cha chesisi, na kwenye cheti cha kusafirisha gari kutoka Japani ambacho muuzaji wa bondi (yadi ya magari yaliyoagizwa) anapaswa kukuonyesha, kuna maandishi kama LDF-KDH201V au CBF-TRH200V. Hayo ndiyo yanayosema injini gani imekaa chini ya siti ya mbele, kama gari lina chujio la masizi, na pesa zako zitamezwa na nini baada ya mwaka mmoja au miwili.

TRH ni petroli. TRH200, ile nyembamba, ina injini ya 1TR ya cc 1,998. TRH214 na TRH219, zile pana, zina 2TR ya cc 2,693. KDH ni dizeli yenye tabo (turbo): KDH200 ina 2KD ya lita 2.5, KDH201 na KDH206 zina 1KD ya 3.0, ila 206 inavuta magurudumu yote manne. GDH ni dizeli ya 2.8 iliyotoka mwishoni mwa 2017, na bei yake bado inawafukuza wengi.

Sheria ya miaka 15 imegeuza hesabu

Kwa miaka mingi ushauri wa steji ulikuwa mmoja: chukua dizeli, haifi. Ushauri huo ulizaliwa enzi za HiAce ya zamani yenye 3L na 5L, injini zisizo na tabo wala kompyuta ya maana, ambazo fundi wa Ndeeba, Kampala, aliweza kuzifungua kwa spana chache na kuzifunga jua halijazama. Gari hizo bado zipo barabarani, lakini haziingii tena nchini Uganda. Tangu 2018 sheria inazuia kuingiza gari lililopita miaka 15 tangu litengenezwe. Toa 15 kwenye mwaka huu uone umebaki na nini.

Hutaipata KDH200 ya 2.5 kutoka Japani, kwa sababu huko Toyota iliacha kuifunga kwenye HiAce mwaka 2007. Ukionyeshwa moja, ni gari ambalo tayari lina namba za hapa na limeshabeba abiria. Dizeli inayoshuka Mombasa leo kwa wingi ni 1KD ya 3.0, na mbele ya KDH ina herufi LDF au QDF. Maana yake ina chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Hapo ndipo ule ushauri wa steji unapovunjika.

Chujio hilo hukamata masizi yasitoke hewani. Likijaa kiasi, kompyuta huongeza joto la moshi hadi karibu nyuzi 600 ili masizi yaungue yaishe. Kazi hiyo inahitaji gari liende kwa mwendo wa wastani kwa muda bila kusimama simama. Gari la safari ndefu za Gulu au Mbarara hulisafisha njiani bila dereva kujua. Gari linalozunguka hapa Kampala kati ya Old Taxi Park na Kalerwe, likisimama kila hatua kupakia na kushusha, halifiki joto hilo. Masizi yanarundikana, taa ya chujio inaanza kuwaka kwa kumetameta, konda anasema ni taa tu, na wiki mbili baadaye gari halipandi hata mlima wa Wandegeya.

Taa hiyo ikimetameta dawa yake ni rahisi na haina gharama. Egesha gari nje, mbali na majani makavu na mbali na ukuta, kwa sababu bomba litapata moto mkali. Weka gia huru, vuta hendibreki, usizime injini. Bonyeza kitufe cha kusafisha chujio kilicho kwenye dashibodi upande wa dereva. Injini itapandisha mlio yenyewe. Iache kwa kama nusu saa hadi taa izime na mlio ushuke. Usikanyage mafuta, usiizime katikati. Madereva wengi hawajawahi hata kuambiwa kwamba kitufe hicho kipo.

Kuna wanaolitoboa chujio kwa nondo au kulikata na kuchomelea bomba tupu. Kompyuta haidanganyiki kwa nondo. Sensa zinazopima mgandamizo na joto kabla na baada ya chujio zinaona namba zisizoeleweka, na injini inapunguziwa nguvu makusudi. Halafu unalipa tena mtu wa kubadilisha programu, na kazi ya namna hiyo ikifanywa ovyo ndipo nozeli na tabo zinapoanza kufa.

Kitu kingine kinachoua chujio ni oili ya kupimiwa kwenye jerikeni. Oili ya kawaida ya dizeli ikiungua huacha majivu ambayo hayaungui tena, yanabaki humo milele. Tafuta oili iliyoandikwa DL-1, au ACEA C2 au C3, 5W-30. Injini ya 1KD inachukua kama lita 7. Ni ghali, ndiyo. Chujio jipya ni ghali zaidi.

Kwa hiyo kwa taksi (basi dogo la abiria) ya ndani ya Kampala, sisi mafundi tunapendekeza petroli, TRH200, bila kusita. Inakunywa zaidi, lakini haina tabo, haina pampu ya mgandamizo mkubwa, haina chujio la masizi, na taiming yake ni ya cheni. Dizeli ibebe watu wa Arua, Gulu, Kasese na Kabale.

Magonjwa ya 1KD ambayo muuzaji hatayataja

La kwanza ni washa (pete) za shaba zilizo chini ya nozeli. Ziko nne, ndogo kuliko sarafu, na kazi yake ni kuzuia moto wa silinda usipande. Zikichoka, moshi wa moto unapenya ndani ya kava la juu, unapika oili, na oili inaganda kama lami. Vipande vya lami hiyo vinashuka hadi kwenye karta (bakuli la oili) na kuziba kijungio cha kuvuta oili. Mgandamizo wa oili unashuka, metali (beringi) zinakauka, injini inakamata. Mwenye gari anaambiwa oili ilikuwa mbaya, kumbe ugonjwa ulianza na washa.

Kuugundua mapema si kazi. Injini ikiwa inanguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili. Mvuke mwepesi ni wa kawaida. Moshi unaopuliza kwa mapigo, puf, puf, puf, si wa kawaida. Kisha geuza kifuniko utazame ndani yake: oili nyeusi inayotiririka haina neno, lakini masizi magumu yanayobanduka kwa kucha ni sababu ya kuondoka au kuomba bei ishuke sana. Ukibadilisha washa, badilisha zote nne, safisha mahali nozeli zinapokaa hadi chuma king'ae, na mwambie fundi afungue karta akague kijungio siku hiyo hiyo. Kubadilisha washa bila kusafisha kijungio ni kufunga mlango mwizi akiwa ndani.

Nozeli zenyewe kila moja ina namba yake ya marekebisho inayoingizwa kwenye kompyuta. Ukinunua nozeli kwenye soko la spea la Kisekka na kuifunga bila kuingiza namba hiyo, injini itagonga na kutoa moshi hata kama nozeli ni nzima.

La pili ni mkanda wa taiming. Injini zote za KD zina mkanda, si cheni, na kwa gari za Japani taa ya T-BELT huwaka kwenye km 100,000. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na hapo unazungumzia hedi nzima. Shida ni kwamba taa hiyo huzimwa kwa dakika chache bila mtu kugusa mkanda, na mita ya kilomita nayo huweza kurudishwa nyuma. Droni ya dizeli isiyo na karatasi ya kuonyesha mkanda ulibadilishwa lini, ihesabu kama haujabadilishwa. Weka mkanda, puli na kikaza kabla gari halijapakia abiria wa kwanza.

La tatu mara nyingi linatibiwa vibaya. Injini ikipata moto inapanda na kushuka mlio ikiwa imesimama, au inazima kwenye jam. Wengi wanahukumu pampu ya dizeli. Anza na valvu ndogo ya kudhibiti mafuta iliyofungwa juu ya pampu hiyo, na filta ya dizeli. Badilisha hivyo viwili kwanza, halafu ndipo uzungumzie pampu.

Petroli nayo ina yake

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, Kabale karibu 2,000. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Zile farasi 136 za 1TR zinabaki kama 110 ukifika Kabale, na mvuto wake (torki) ni Nm 182 tu dhidi ya 300 za 1KD. Ukiwa na watu 14, mizigo ya ndizi juu na mlima mbele, utakanyaga hadi sakafuni na joto la injini litapanda. Anayeng'ang'ania petroli kwa njia za milima achukue 2.7.

Kwa 1TR, adui ni wawili. Mmoja ni oili iliyocheleweshwa: weka lita 5 na nusu hivi kila km 5,000, la sivyo cheni inalegea na utaisikia asubuhi ikichakacha sekunde mbili tatu baada ya kuwasha. Wa pili ni kutembea na tangi tupu. Pampu ya petroli imo ndani ya tangi na hupozwa na petroli yenyewe. Konda anayeweka ya elfu kumi kumi kutwa nzima anaipika.

Nissan, Sprinter na Transit

Nissan Caravan ya NV350, iliyotoka 2012, si gari baya hata kidogo. Dizeli yake ya YD25 ina taiming ya cheni na mvuto wa Nm 356, kuliko 1KD. Lakini nayo ina chujio la masizi, na spea utazitafuta. Ya HiAce unaikuta duka la pili. Ya Caravan unapigiwa simu kesho. Taksi iliyolala siku tatu ikisubiri sensa imekula faida yote uliyopata wakati wa kuinunua kwa bei nafuu.

Sprinter inafaa kampuni za utalii na shule: mtu mzima anasimama wima ndani, na barabara ndefu haichoshi. Zinazotoka Uingereza usukani uko kulia kama wetu. Angalia kutu chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu, kwa sababu kule barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi. Bila fundi mwenye mashine ya kusoma makosa ya Mercedes, usiinunue. Kwa Ford Transit ya 2.0 EcoBlue iliyoanza 2016, jua kwamba mkanda wake wa taiming unazunguka ndani ya oili. Oili mbaya inaumomonyoa, na unga wake unaziba kijungio. Ile ya 2.2 iliyotangulia ina cheni.

Sura

Sasa tuje kwenye kile ambacho wengi huanza nacho. Droni nyembamba ina upana wa mm 1,695, pana ni mm 1,880. Hizo sentimita 18 na nusu zinaonekana ndogo hadi upange watu watatu wazima kwenye siti moja. Pana ni ya heshima na ya harusi. Nyembamba ndiyo inayopenya.

Sura ya mbele ilibadilishwa mara kadhaa, na ile ya mwisho wa 2013 yenye grili kubwa ndiyo inayopendwa. Kwa hiyo watu hununua bampa, grili na taa, wakaivisha gari la 2006 uso wa 2014. Si kosa kama unaambiwa. Tena tunarudi kwenye herufi: uso unabadilishwa mchana mmoja, kibati cha chesisi hakibadiliki.

V iliyo mwishoni mwa TRH200V ina maana lilitengenezwa la mizigo. Springi zake za nyuma ni ngumu, na siti za abiria zinafungwa hapa. Inama uangalie chini: siti iliyofungwa vizuri ina bolti zinazopita sakafu na kibati kinene upande wa chini. Iliyochomelewa juu ya bati la sakafu tu itang'oka siku ya ajali pamoja na waliokaa. Angalia pia matairi. Saizi ni 195/80R15 yenye alama LT na 107/105, yaani kila tairi hubeba hadi kilo 975. Tairi ya gari dogo inaingia kwenye rimu vizuri tu, na ndiyo inayopasuka njiani Karuma.

Ukitaka tulikague gari kabla hujalipa, tulikute likiwa baridi. Mwambie muuzaji asiliwashe asubuhi hiyo, tuliwashe sisi. Injini yenye moto huficha moshi, cheni na nozeli. Uwe na nakala ya cheti cha Japani au kitabu cha gari. Ukaguzi wa dizeli unachukua kama saa mbili, kwa sababu tunapima mafuta yanayorudishwa na nozeli zote nne na kusoma kiwango cha masizi kwenye chujio kwa mashine. Petroli ni saa moja. Muuzaji akikataa kuliacha gari bila kuliwasha kabla, tupigie tu utuambie, usijisumbue zaidi.