Kivuli kisicho na nyeusi

Chicago, Jumapili jioni

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila baridi imeshaanza kuuma; hofu ni kwako na watoto.

Jana nilirudi Art Institute, jumba la sanaa la hapa, kuitazama ile picha ya matufaha niliyokutajia kwenye simu, ya Cézanne, yule mchoraji Mfaransa. Aliichora mwaka 1893 hivi, kwa rangi za mafuta, upana sentimita 80 na kimo 65 tu. Kapu limeinama, matufaha yamemwagikia kitambaa cheupe, kuna chupa na sahani ya biskuti. Basi. Nilisimama pale karibu saa nzima.

Unakumbuka ulivyonifundisha, kwamba upande wa kivuli unatia nyeusi kidogo? Mwenzangu, huyu alipita njia nyingine. Nililichagua tufaha moja nikalifuata taratibu. Penye mwanga ni manjano, inakuja rangi ya chungwa, kisha nyekundu, na linapopinda kwenda gizani nyekundu ile inageuka damu ya mzee. Hakuzisugua zikachanganyika. Kila rangi ina mpigo wake wa brashi, mfupi, umelala kando ya mwenzake kama makuti yaliyoezekwa. Ukisogea unaona viraka vitupu. Rudi hatua tatu: tufaha limeviringana, lina uzito, mkono unataka kulibeba.

Na kile kitambaa! Tunakiita cheupe, lakini mikunjo yake imejaa buluu, kijivu, hata kijani. Weupe umebaki pale mwanga unapogusa tu.

Meza nayo, ukingo wa kushoto haukutani na wa kulia, na chupa imelalia upande. Mwanzo nilidhani kakosea. Sasa naamini alichora jinsi jicho linavyohama, mara huku mara kule, bila kulilazimisha litulie. Alikuwa mtu wa kufanya kazi polepole mno, matunda yakimwozea mezani kabla hajamaliza. Nakuonea huruma wewe ambaye wateja wanataka picha kesho.

Lakini msimu wa maembe si ndio huu? Tafuta dodo moja, lile lenye wekundu begani na kijani chini. Weka kopo la nyeusi mbali, ulichore kwa vipigo vifupi, usisugue. Nitumie picha yake kwenye simu, hata kama rangi haijakauka.

Wako,
Mwanafunzi wako wa zamani