Kabla hujaandika "ni wazi kwamba"

Lubumbashi

Ndugu yangu,

Sura ya pili ya memwari yako ya hesabu, tasnifu ya chuo, imenifikia salama kutoka Bukavu na nimeisoma yote, kalamu mkononi. Neno langu kubwa ni mstari mmoja tu, pale unaposema: "ni wazi kwamba kikomo kinaingia ndani ya integrali." Yaani, kuchukua kikomo kabla ya integrali au baada yake kunatoa jibu lilelile. Hapo si wazi hata kidogo, na siku ya kutetea wasomaji watakushika palepale.

Chukua mfuatano wa fonksio fₙ(x) = n·xⁿ⁻¹, n ikiwa 1, 2, 3 na kuendelea, x ikiwa kati ya 0 na 1. Integrali yake, yaani eneo lililo chini ya mchoro wake, ni 1 kwa kila n. Sasa shika x = 0.9. Kwa n = 10 unapata karibu 3.87; kwa n = 100 imebaki kama 0.003. Ndivyo ilivyo kwa kila x iliyo chini ya 1: thamani inaweza kupanda mwanzoni, lakini mwisho inashuka hadi sifuri. Kwa hiyo kikomo cha integrali ni 1, na integrali ya kikomo ni 0. Eneo halikupotea, limesukumwa likabanana ukingoni, karibu na 1. Teorema ya Lebesgue, ile inayoruhusu kikomo kuingia ndani ya integrali, inadai fonksio moja g inayozifunika |fₙ| zote kwa pamoja, na integrali ya g isiwe infiniti. Katika mfano huu g ya namna hiyo haipo. Yako iko wapi? Ikiwa |fₙ| zako zote hazizidi namba moja M kwenye [0, 1], basi g ni M, na sentensi moja inatosha. Ukikosa g yoyote, uthibitisho wa lema yako, ile teorema ndogo ya kusaidia, unaanguka pamoja na yote uliyojenga juu yake.

Fanya hivi kila unapoandika "ni wazi" au "ni rahisi kuona": simama, andika hatua zote kwenye karatasi ya pembeni, kisha jaribu mfano mbaya kuliko yote unaoweza kuubuni. Uthibitisho mwingi hufia kwenye maneno hayo mawili.

Kuhusu kutafuta kama matokeo yako yameshapatikana: zbMATH Open, hazina ya mtandaoni ya muhtasari wa makala za hesabu, ni bure tangu 2021. Tafuta kwa namba ya uainishaji, ile inayotaja tawi la hesabu, siyo kwa maneno tu, maana jambo lilelile huitwa majina matatu. Mifuatano ya fonksio na namna zake za kukaribia kikomo iko chini ya 28A20. Makala yenyewe mara nyingi utaipata arXiv, hifadhi ya bure ya makala mtandaoni. Ukiwa na intaneti shusha PDF yote, usisome mtandaoni, na uangalie kama kuna toleo la pili: mara nyingine kosa la toleo la kwanza limesahihishwa humo.

LaTeX, programu unayoandikia memwari, ikikuonyesha ?? mahali pa namba ya teorema, endesha programu mara ya pili. Mara ya kwanza inakusanya tu namba hizo. Zikibaki, jina la lebo umelikosea. Na kwa huu umeme unaokatika, weka nakala kwenye flash kila jioni.

Jarida lile linaloahidi kuchapisha kwa wiki moja ukilipa, liache. Kusoma uthibitisho kwa makini kunachukua miezi.

Nitumie g kwanza. Sura ya tatu ingoje.

Ni mimi, ndugu yako